Macho ya Mtumishi Yasipuuzwe

Mtu aingiaye leo katika ofisi ya umma, iwe ni makao makuu ya wizara kule Dodoma au ofisi ya halmashauri iliyo mbali na barabara ya lami, huwakuta watumishi wameelekeza nyuso zao mahali pamoja. Mhasibu anatazama kioo cha kompyuta. Ofisa utumishi anatazama kioo cha kompyuta. Karani wa masjala, ambaye zamani alikuwa akipanda juu ya kiti kutafuta faili lenye vumbi kabatini, naye anatazama kioo. Mtu huyo akirudi saa nane mchana atawakuta palepale, ila sasa ataona na jambo jingine. Huyu anafikicha macho kwa kiganja, yule amevua miwani na kujishika paji la uso, na wa tatu amesogeza uso karibu na herufi kama mtu anayetunga uzi katika tundu la sindano.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumzia leo. Yamkini wapo watakaoliona kuwa ni dogo. Watasema kwamba nchi ina malaria, ina kifua kikuu, ina akina mama wajawazito wanaotembea mwendo mrefu kuifuata zahanati. Kwa nini basi wino umwagwe kwa ajili ya karani aliyechoka macho akiwa ameketi kitini tena kivulini? Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini hatukubaliani nayo. Mkulima hulima kwa jembe, na hakuna aonaye ajabu anapolinoa. Mtumishi wa ofisini na mwalimu hulima kwa macho. Mshahara wa muuguzi aliye kijijini, malipo ya fundi aliyechimba kisima, uhamisho wa mwalimu, mafao ya mstaafu, yote hayo hupita kwanza mbele ya macho ya mtu fulani aliyeketi mbele ya kioo. Macho hayo yakichoka, tarakimu moja hurukwa, sifuri moja huongezeka, na mwananchi asiyejua lolote juu ya kompyuta ndiye anayelipa gharama ya kosa hilo kwa nauli ya kurudi ofisini mara ya pili na ya tatu.

Taifa letu halikuipokea kompyuta kwa pupa. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini, baada ya kuona kwamba zilileta hasara na vurugu katika hesabu badala ya nafuu iliyotarajiwa. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na leo hali imegeuka kabisa. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019. Barua na madokezo hupita katika ofisi mtandao, malipo hupita katika mfumo wa MUSE, ununuzi wa umma katika mfumo wa NeST, na upimaji wa utendaji wa mtumishi, uliokuwa ukifanywa kwa fomu za OPRAS, sasa hufanywa katika mfumo wa PEPMIS. Hatuyalaumu mabadiliko hayo. Faili lisilopotea na malipo yanayoacha alama ni faida kwa umma, na mwenye kutamani kurudi katika enzi ya faili lililofungiwa kwenye mtoto wa meza ana sababu zake mwenyewe. Lakini mwaka 1974 viongozi wetu walithubutu kuuliza mashine hii inatufanyia nini. Leo tunajua vema inaifanyia nini kazi. Tulilosahau kuuliza ni inamfanyia nini mfanyakazi.

Tukumbuke jinsi kazi ya ofisi ilivyokuwa. Mpiga taipu alichapa ukurasa mmoja, akasita ili achomoe karatasi, akapanga karatasi mpya na kaboni zake, akaizungusha, akaanza tena. Utepe ulipofifia alisimama kuubadilisha. Ofisa alipotaka faili alimtuma tarishi au alikwenda mwenyewe masjala, na njiani macho yake yaliona mti uliopo uani, watu waliopanga foleni, mawingu. Hakuna aliyeyaita mambo hayo mapumziko. Hayakuandikwa katika kanuni yoyote, na hakuna mkuu wa kazi aliyeyahesabu kuwa ni utoro. Yalikuwa yamefichika ndani ya kazi yenyewe, na macho yalinufaika nayo bila mwenyewe kujua. Kompyuta imeyafuta yote. Faili humjia mtumishi palipo macho yake, likiondoka huja la pili, na barua ya kumjibu mtu aliye chumba cha jirani hupita katika kioo hichohicho. Mapumziko yaliyokuwa yakija yenyewe hayaji tena. Kwa hiyo hatuna budi kuyarudisha kwa makusudi, na huo ndio msingi wa yote tunayoyasema hapa.

Ni vizuri wasomaji wetu, hasa walimu ambao ndio wafafanuzi wa mambo katika jamii, waelewe jicho linachokifanya. Linapotazama mbali, msuli mdogo uliomo ndani yake hulegea. Linapotazama karibu, msuli huo hujikaza ili lenzi ivimbe na herufi zionekane wazi, na wakati huohuo macho yote mawili huvutwa kuelekea ndani, upande wa pua. Kazi hiyo si nzito. Lakini ndoo ndogo ya maji nayo si nzito kwa hatua kumi. Mwambie mtu aishike kwa mkono ulionyooshwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, ndipo utakapojua uzito wake. Msuli wa jicho la mtumishi hushika ndoo hiyo kutwa nzima. Matokeo yake ni ukungu anapoinua macho kutazama mbali, kuumwa kichwa kwenye paji na nyuma ya macho, na mara nyingine kuona herufi moja kuwa mbili.

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia, wakiwa na maana kwamba hayachagui cha kutazama. Kwa upande wa mwili, hata hivyo, pazia lipo, nalo ni kope. Kila tunapopepesa, kope hutandaza juu ya jicho utando mwembamba wa machozi, wenye maji, mafuta na ute, unaolilowanisha na kulisafisha. Mwaka 1993 madaktari wa Japani walichapisha matokeo ya kuwahesabia wafanyakazi 104 wa ofisini kupepesa kwao. Walipokuwa wametulia bila kazi walipepesa mara 22 kwa dakika kwa wastani. Walipokuwa wakisoma kitabu walipepesa mara 10. Walipokuwa mbele ya kioo cha kompyuta walipepesa mara 7 tu. Maana yake ni kwamba pazia lililokuwa likivutwa mara tatu sasa huvutwa mara moja. Utando wa machozi hukauka kabla haujatandazwa upya, na jicho huanza kuwasha, kuchonyota, kuwa jekundu, na pengine, kwa ajabu, kutiririsha machozi mengi, kwa kuwa jicho lililokauka hujitetea kwa kulia.

Hali hiyo huzidishwa na namna tunavyozipanga ofisi zetu. Pangaboi au kiyoyozi huelekezwa usoni kwa mtu kwa sababu ya joto, na upepo huo hulianika jicho kama nguo kambani. Meza huwekwa mahali ambapo dirisha lipo nyuma ya mgongo, na jua la saa nne likaakisiwa kwenye kioo. Au dirisha likawa mbele, na jicho likapambana na mianga miwili kwa wakati mmoja. Kompyuta huinuliwa juu ya marobota ya karatasi hata mtu akawa anaitazama kwa kuinua kidevu, na jicho lililotazama juu hufunuka zaidi na kukauka upesi zaidi kuliko lile linalotazama chini kidogo. Hakuna katika hayo lililofanywa kwa nia mbaya. Yote yamefanywa kwa kutofikiri.

Lakini lipo kundi moja ambalo tunaliombea haki kwa namna ya pekee, nalo ni la watumishi waliovuka umri wa miaka 40. Kuanzia umri huo, au karibu nao, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kupoteza uwezo wa kuvimba kwa ajili ya kutazama karibu. Si ugonjwa, wala si adhabu. Humfikia kila binadamu, awe waziri au mhudumu. Mtu huanza kuishika barua mbali na uso, kisha mkono ukawa hautoshi. Katika utumishi wetu mtu hustaafu kwa lazima akiwa na umri wa miaka 60. Kwa hiyo mtumishi wa kawaida hufanya kazi karibu miaka 20 akiwa katika hali hiyo, na hiyo ndiyo miaka ambayo ana ujuzi mwingi kuliko yote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 ulimwenguni wanaishi na tatizo hilo bila kusaidiwa, ilhali msaada wenyewe ni miwani ya kusomea.

Tutazame basi linalotokea ofisini. Ofisa wa miaka 48, aliyeijua kazi yake kabla wenzake hawajaanza darasa la kwanza, analetewa mfumo mpya wenye herufi ndogo na visanduku vingi. Anakosea. Anachelewa. Anamwomba kijana wa mafunzo kwa vitendo amsomee. Wenzake wanaanza kunong'ona kwamba mzee anaiogopa kompyuta, na mkuu wake anaandika kwamba hana ari ya kujifunza. Naye mwenyewe, kwa kuona haya, hasemi kwamba haoni. Tathmini ya utendaji wake inashuka kwa kosa ambalo si la akili yake wala la tabia yake. Kabla mkuu wa kazi hajaandika neno “uzembe” katika jalada la mtu wa umri huo, tunamsihi amwulize swali moja la kibinadamu: ndugu, umepima macho lini?

Wanaodhani kwamba tunasema haya kwa huruma tu, na wasikilize ushuhuda wa kazi. Katika jimbo la Assam nchini India, wachumaji wa chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba uchumaji wao uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wa wenzao wasiopewa. Nchini Bangladesh, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba watu wa vijijini waliopewa miwani ya aina hiyo walipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa karibu theluthi moja. Ikiwa miwani huongeza gunia la mchuma majani, hatuoni ni kwa nini isiongeze usahihi wa mtu anayesoma tarakimu tangu asubuhi hadi jioni.

Kuna mambo mawili ambayo tungependa kuyaweka wazi ili hofu isizidi ukweli. La kwanza ni kwamba kioo cha kompyuta hakimpofushi mtu. Uchovu wa macho hutesa, huharibu kazi na huharibu siku, lakini kwa kawaida huondoka macho yakipumzishwa. La pili ni kwamba tayari biashara imeota juu ya tatizo hili. Mitaani na madukani huuzwa miwani inayosemwa kuwa huzuia mwanga wa buluu wa kompyuta na hivyo kuondoa uchovu. Uchambuzi uliojumlisha majaribio 17 na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba miwani hiyo yamkini haileti tofauti yoyote katika uchovu wa macho kwa mtumiaji wa kompyuta. Mtumishi asiutumie mshahara wake kununua rangi ya kioo, wakati anachokihitaji ni kipimo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya mtu kujitibu. Macho yakiwa mekundu, wengi wetu hukimbilia duka la dawa na kuomba dawa ya matone iliyomsaidia jirani. Baadhi ya matone hayo yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Kwa njia hiyo mtu aliyekuwa na tatizo lisilopofusha hujinunulia mwenyewe tatizo linalopofusha. Isitoshe, si kila ukungu ni wa kompyuta. Presha ya macho huiba uwezo wa kuona polepole, pembeni kwanza, bila maumivu, na kilichoibwa hakirudishwi. Kisukari nacho huharibu jicho kimyakimya. Ndiyo sababu kupimwa kwa mtumishi aliyefika miaka 40 kuna faida mbili: humpatia miwani anayoihitaji, na humfichulia maradhi asiyoyajua. Mtu anayeona mwanga kama wa radi machoni, au kiza cha ghafla, au maumivu makali pamoja na kutapika, asisubiri mwisho wa mwezi. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Je, sheria yetu inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba wafanyakazi wake wanapimwa afya wanapoanza kazi na kila baada ya muda. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ndio unaoisimamia. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inapotajwa, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye mgodi, kiwanda na kofia ngumu ya mjenzi. Ni wachache wanaomfikiria katibu muhtasi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana tangu mwaka 1990 kwamba mfanyakazi wa kompyuta ana haki ya kupimwa macho kabla ya kuanza kazi hiyo na mara kwa mara baadaye, kwamba kazi yake ipangwe ili iwe na vituo vya kupumzika, na kwamba ikibidi awe na miwani ya pekee kwa kazi hiyo, gharama isimwangukie yeye. Hatusemi kwamba tuige kila kitu cha wengine. Tunasema kwamba muuguzi hanunui glavu kwa mshahara wake, wala dereva wa Serikali hanunui tairi. Kwa nini basi mwenye kazi ya macho aonekane ana shida ya nyumbani kwake anapohitaji miwani ili afanye kazi ya umma?

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wakuu wa taasisi, makatibu tawala na wakurugenzi wa halmashauri. Yapo wanayoweza kuyafanya wiki hii bila kusubiri bajeti. Waingie katika vyumba vya watumishi wao na kuzigeuza meza ili dirisha liwe ubavuni, wala si nyuma wala si mbele. Watundike pazia palipo na jua kali. Wahamishe pangaboi lisipulize usoni. Kompyuta ishushwe mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo, nayo iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani kati ya sentimeta 50 na 70. Herufi zikuzwe. Yale ya kupima macho na kununua miwani yaingizwe katika mipango ya mwaka ujao, na halmashauri iliyo mbali na hospitali iwaalike wataalamu, wakiwamo wale waliofunzwa KCMC kule Moshi, waje kupima watumishi wote kwa siku moja au mbili. Nao wanaobuni mifumo ya Serikali wakumbuke kwamba anayeijaza si kijana wa miaka 25 aliye mbele ya kioo kipana peke yake.

Tunasema pia neno kwa wasimamizi wa kila siku. Mtumishi anayeinua kichwa na kutazama nje ya dirisha kwa nusu dakika si mvivu. Wataalamu hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa meta 6 au zaidi kwa muda wa sekunde 20. Na nchini Uingereza waajiri huelekezwa kwamba pumziko fupi la dakika 5 hadi 10 kila saa ni bora kuliko dakika 20 baada ya saa mbili. Wala si uzushi wa leo. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia aliyeandika juu ya maradhi ya wafanyakazi mwaka 1700, aliwashauri mafundi wa kazi ndogondogo, kama watengenezaji wa saa, wawe wakiiacha kazi kwa kitambo na kuyaburudisha macho kwa kutazama vitu vingine. Pumziko hilo si lazima liwe la kukaa bure. Ofisa na aupeleke mwenyewe ujumbe chumba cha jirani, apokee wageni, ahudhurie masuala yasiyohitaji kioo, kisha arudi.

Hata hivyo, hatutaki maneno yetu yawe kichaka cha kujifichia. Pumziko la dakika 5 si ruhusa ya kwenda kunywa chai ya saa moja na nusu wakati wananchi wamepanga foleni. Na lipo jambo tunaloliona kila mahali, hata katika chumba chetu hiki cha habari, ambamo nasi huandika na kuhariri mbele ya vioo hadi usiku. Mtu huiacha kompyuta ili apumzike, akaegemea kiti, kisha akatoa simu mfukoni na kuendelea kutazama kioo kidogo zaidi, kilicho karibu zaidi na jicho. Huko ni kuhamisha ndoo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto na kusema umeitua. Macho hayajui kwamba herufi za kompyuta ni za kazi na za simu ni za starehe. Nusu ya haki hii imo mikononi mwa mwajiri. Nusu ya pili imo mikononi mwetu sisi wenyewe.

Walimu tunawataja peke yao kwa sababu mzigo wao ni wa namna yake. Wengi wao hawana kompyuta mezani. Taarifa za shule na za utendaji wao huzijaza kwa simu zao wenyewe, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto 70 au zaidi, katika mwanga hafifu, na mara nyingi katika siku za mwisho ambapo mtandao umeelemewa na ukurasa unagoma kufunguka. Kioo cha simu hushikwa karibu sentimeta 30 kutoka usoni, na hapo msuli wa jicho hujikaza kuliko mbele ya kompyuta. Tunapendekeza kwamba tarehe za kukusanya taarifa zipangwe kwa zamu badala ya kuwarundika walimu wote katika wiki moja, na kwamba kila shule inayoweza itenge kompyuta moja na saa za mchana kwa kazi hiyo. Kujaza taarifa ni kazi ya Serikali, na kazi ya Serikali inastahili kufanywa kwa mwanga wa mchana.

Vyombo vya kulisukuma jambo hili vipo. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ili mfanyakazi awe na sauti katika mambo ya mahali pake pa kazi. Katika ofisi nyingi baraza hukutana, husoma kumbukumbu za kikao kilichopita, hujadili posho, kisha hufungwa. Tunawaomba wajumbe wa TUGHE, TALGWU na Chama cha Walimu waiweke agenda ya macho katika kikao kijacho, na waulize mambo matatu yanayojibika: ni watumishi wangapi hapa hutumia kompyuta zaidi ya saa nne kwa siku, ni wangapi kati yao waliopimwa macho, na nani atalipia miwani ya wale watakaoihitaji. Mwenye bima ya afya naye aende akaulize haki yake kuhusu vipimo na miwani kabla hajatoa fedha mfukoni.

Wazee miongoni mwa wasomaji wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kisha kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu kwa mikono yao. Kampeni ile haikungoja mgonjwa afike hospitali. Ilimfundisha mtu kuitazama nyumba yake na kuondoa chanzo cha maradhi kabla hakijamdhuru. Ofisi ya leo inataka kutazamwa kwa jicho lilelile, naam, kwa jicho ambalo bado linaona vizuri. Kugeuza meza ni kazi ya dakika kumi. Kumpima mtu macho ni kazi ya nusu saa. Kumpata ofisa mwingine mwenye uzoefu wa miaka 25 ni kazi ya miaka 25.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona kila siku saa nane mchana, katika viganja vinavyofikicha macho. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, kila mkuu wa ofisi na apite katika vyumba vyake akiwa na swali lilelile moja: ndugu, umepima macho lini?